Kabla hujatuma CV, inakili kwanza

Wadogo zangu mnaochapisha CV kwenye steshenari za Ng'ong'ona na Majengo hapa Dodoma, naomba mnisikilize. Siku hizi kampuni nyingi kubwa hupitisha CV kwenye programu kabla mtu hajaishika. Programu haijali urembo, inatafuta maneno.

Jaribu hivi: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, kisha yabandike kwenye ujumbe wa WhatsApp. Jana nilifanya hivyo na binti mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Safu zake mbili zilichanganyika, "Mhasibu Msaidizi" ikaangukia katikati ya namba ya simu! Programu nayo inaweza kuisoma hivyohivyo. Futa safu na majedwali, panga kila kitu mstari chini ya mstari. Namba ya simu iwe ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye kile kichwa cha juu cha ukurasa (header), maana programu nyingine hukiruka. Kama hakuna kinachonakilika kabisa, huenda hiyo ni picha iliyoskaniwa. Rudi kwenye faili la Word.

Halafu tumia maneno ya tangazo la kazi. Wakiandika "afisa ununuzi", na kazi hiyo umeifanya kweli, andika hivyohivyo, usiseme "mtaalamu wa ugavi".