Kuchagua Paa Jipya kwa Nyumba Yenye Mteremko Mdogo

Kabla ya kwenda dukani kuuliza bei ya mabati, pima mteremko wa paa ulilonalo. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, egemeza ncha moja juu ya bati huku nyingine ikielekea upande wa chini, weka pimamaji juu yake mpaka ubao ulale sawasawa, kisha upime nafasi iliyopo kati ya ncha inayoning'inia na bati. Sentimita 9 ni takriban nyuzi 5, 18 ni nyuzi 10, na 27 ni nyuzi 15.

Vigae vya chuma vyenye punje za mawe, ambavyo sasa vimeenea katika mitaa mipya ya Nakuru na Kisumu, vina maungio mengi na kwa kawaida huhitaji nyuzi 12 hadi 15 au zaidi; vya udongo huhitaji mwinuko mkali kuliko huo. Mabati ya mawimbi ya kawaida hayafai chini ya takriban nyuzi 10. Ukishuka hadi nyuzi 5, boksi profaili, yaani mabati yenye migongo ya pembe badala ya mawimbi, ndiyo chaguo la busara, kwa kuwa migongo yake iliyoinuka huacha njia pana ya maji.

Adui mkubwa wa paa lenye mteremko mdogo ni mahali ambapo mabati mawili hulaliana. Mvua ya alasiri ya Kisumu huja na upepo wa ziwani, na maji yanayokwenda polepole husukumwa nyuma, yakapenya chini ya bati la juu. Kwa sababu hiyo, agiza mabati yaliyokatwa kiwandani kwa urefu wote wa paa, kutoka kileleni hadi kwenye mfereji, hata kama usafiri utagharimu zaidi. Pale ambapo haiwezekani, yalaliane kwa sentimita 30 hivi, na utepe wa kuzibia uwekwe katikati.

Kumbuka kwamba kadiri namba ya geji, yaani kipimo cha unene, inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Kwa paa ambalo watu watalikanyaga wakisafisha mifereji au kufunga sola, mimi ningelipia geji 28 na kuacha 30 na 32. Skrubu zenye mpira ni bora kuliko misumari, nazo zipite kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde lake. Mpira ukionekana umechomoza kidogo tu pembeni mwa kofia ya chuma, umekazwa vya kutosha, ukipasuka, umeharibika. Mkataze fundi kukata mabati kwa grainda (mashine ya kukatia yenye diski), kwa maana joto lake huunguza zinki, na chembe zinazoruka hushika kutu upesi.

Ikiwa kenchi (fremu zinazobeba paa) zitabomolewa hata hivyo, fikiria kuongeza mteremko. Paa la upande mmoja lenye upana wa mita 6 huhitaji kuinuka takriban sentimita 53 kwa nyuzi 5, na mita 1.06 kwa nyuzi 10. Mapaa yaliyofichwa nyuma ya ukuta yanapendeza machoni, lakini mfereji wake wa ndani ukiziba kwa majani, maji huingia nyumbani badala ya kumwagika nje.

Nyumba za zamani huenda zina paa la asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2006. Usiivunje wala kuikata; wasiliana na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ili iondolewe na mtu mwenye leseni. Wakazi wa Nakuru wanaokinga maji ya mvua kwa sababu visima vingi huko vina floridi nyingi, madini yanayoharibu meno, wana sababu zaidi ya kuiondoa, na pia ya kuepuka kupaka lami juu ya paa la maji ya kunywa.

Panga kazi ifanyike Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Mwagia kila ungio maji kwa mpira wa bustani, ukianzia chini ukipanda, huku mtu akiwa ndani na tochi, na usiruhusu dari ifungwe kabla jaribio hilo halijakamilika.