Somo: jizoeshe kazi bila kungoja hamu (hatua kwa hatua, na maswali yenu)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nliahidi kuandika somo la kuitia nidhamu nafsi, leo nimekaa nimeliandika, someni taratibu na maswali yapo chini.

Mie nashona kofia za viua, nipo Magomeni hapa mjini Unguja. Asoijua kofia ya viua ni ile inochorwa kwanza kwenye kitambaa cheupe, halafu kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, na kofia moja nzuri inakula mwezi na zaidi. Kazi hii huwezi kuikimbiza siku mbili za mwisho. Lakini miaka yangu ya mwanzo ndo nlivokuwa nafanya, nachukua oda mwezi wa Rajabu, nakaa nasubiri mudi ije, haiji, ikifika kumi la mwisho la Ramadhani nakesha na macho mekundu. Idd moja mzee wa watu kaja mkesha wa sikukuu kuchukua kofia yake na upande mmoja bado. Hakunigombeza. Aliishika akaigeuza, akapitisha kidole pale penye mistari ya penseli mitupu, akasema haya mwanangu, basi inshaallah Idd ya Mfunguo Tatu, yaani Idd kubwa, akenda zake. Bora angenigombeza. Usiku ule sikulala, na hapo ndo nlipoanza kujiuliza kwa nini mama yangu hakosi kufika kazini kwake na mie sifiki kwenye sindano ilo chumbani mwangu.

HATUA YA 1: Tafuta kitu kinachokuja chenyewe, kazi yako uifunge hapo

Mama analima mwani Jambiani. Mwani ulianza kulimwa kwetu pwani ya mashariki 1989, Paje na Jambiani, na yeye aliingia mapema. Kazi ya mwani inataka bamvu, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yakipwa sana mpaka vigingi vinaonekana. Siku za maji mafu, yasopwa sana, huwezi kufanya kitu cha maana. Kwa hiyo mama ana siku chache tu kila nusu mwezi, na kila siku ana masaa machache kabla maji hayajarudi. Nlikuwa namfuata nikiwa mdogo, namuona kainama maji ya magoti, kamba mkononi, anafunga vipande vya mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kimoja, kingine, vidole vimekunjamana kwa chumvi na hasimami kuangalia amebakisha vingapi. Baada ya wiki sita hivi anavuna. Akichelewa mwani unakatika wenyewe unachukuliwa na maji.

Sasa mama hajawahi kuniambia leo najisikia kwenda pwani. Wala leo sijisikii. Hilo swali halipo. Maji yakipwa anakwenda.

Hichi ndo kitu nnachotaka mukichukue kuliko vyote humu. Sie tunojiajiri au tunosoma wenyewe hatuna maji ya kutupigia hodi, kila siku tunaanza kujadiliana na nafsi upya, nianze sasa au baada ya chai, na katika mjadala huo nafsi hushinda. Basi tafuta bamvu lako. Kwangu mie ni sala ya alfajiri. Nikishatoa salamu na nyiradi zangu, mswala haukunjwi mpaka sindano iwe mkononi. Wewe inaweza kuwa kushuka daladala, kuwapeleka watoto skuli, adhana ya alasiri. Chagua kitu ambacho kitatokea tu upende usipende, na useme kwa ulimi wako: kikitokea hichi, nafanya hichi.

HATUA YA 2: Ifanye kazi iwe ndogo

Mie nlianza na vitundu kumi. Kumi tu baada ya alfajiri, hata nikiwa na homa ntashona kumi. Wengi wetu tukiamka na azma tunajipangia makubwa, kusoma juzuu nzima kila siku, kukimbia kutoka Kwerekwe mpaka Fuoni na kurudi, siku ya nne tumelala. Na sie Waislamu tuna hadithi ilo sahihi kutoka kwa Bi Aisha, kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata zikiwa kidogo. Tunaisikia kila Ramadhani kisha tunatoka msikitini tunajipangia makubwa yale yale.

Ukishika kumi muda mrefu utaona mwenyewe unashona ishirini. Lakini ahadi ibaki kumi, usiipandishe kwa sababu juzi ulikuwa na nguvu.

HATUA YA 3: Andaa usiku

Kabla sijalala natia uzi kwenye sindano na kofia naiweka juu ya mswala. Simu inalala jikoni juu ya friji. Asubuhi ukianza kutafuta uzi, ukatafuta taa, ukashika simu uangalie saa, umeshaingia kwenye stetasi za watu na jua limetoka.

HATUA YA 4: Usiwe peke yako

Angalieni jambo hili. Ramadhani mji mzima tunafunga zaidi ya masaa 13, mtu anapita Darajani mbele ya mafungu ya ndizi na maembe na hata wazo la kula halimjii. Ikifika Mfunguo Mosi, mwezi unofuata Ramadhani, mtu yule yule, tumbo lile lile, funga ya sitta inamshinda, siku sita tu! Imani yake haijapungua. Kilichopungua ni ngoma ya daku, jirani anayegonga mlango, harufu ya futari nyumba zote, kila mtu amerudi kwenye chai yake. Tunajilaumu kwamba nafsi zetu dhaifu kumbe tumejiweka peke yetu. Mie nna shoga yangu mmoja yupo Wete, naye anashona, kila asubuhi ananitumia picha ya kitambaa chake na mie changu. Hatuandiki kitu, picha tu. Siku nikichelewa ananipigia.

HATUA YA 5: Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku ukifanya. Basi.

MASWALI YENU

Mtoto wa Mtambwe: Dada, nasikia ukifanya jambo siku 21 linakuwa mazoea. Kweli?

Hiyo 21 asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aloandika 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 na zaidi kuzoea sura zao mpya. Watu wakaikata ile "na zaidi" wakaisambaza kwa kila kitu. University College London waliwafuatilia watu 96 na kutoa matokeo 2009, ikaonekana kwa kati ni siku 66, na wanavyotofautiana ni kutoka 18 mpaka 254. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unaona uzito usijione una kasoro, kaza hapo hapo.

Ummu Khadija: Nikikosa siku moja najiona nimeharibu yote naacha kabisa. Nifanyeje?

Watu hao hao wa London waliona kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Shoga, kamba moja ikikatika mama haachi shamba zima, anaifunga bamvu linofuata. Kesho rudi kwenye kumi zako, na usijitie deni la kulipa ishirini, deni ndo linokimbiza watu.

Kijana wa Chake: Mie tatizo langu pesa, nikipata mshahara wiki moja umekwisha.

Hatua ni ile ile yakhe. Siku mshahara unaingia, kabla hujapita dukani, fungu linaingia kwenye kibubu, kile cha mbao kisichofunguka mpaka ukipasue. Usiseme ntaweka kitakachobaki, hakibaki. Na ukipata watu waaminifu ingia mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwa sababu mwezi ukifika wenzio wanakungoja na aibu itakubeba. Anza na kidogo ambacho hata mwezi mbaya utakitoa.

Mzee Barzani: Mwanangu haya yote ni nia tu. Mtu akinuia kweli hahitaji kalenda wala picha.

Shikamoo mzee wangu. Nia ndo mwanzo, sipingani nawe. Ila mie nlinuia kweli ile kofia, wallahi nlinuia, na mwenyewe akaondoka mikono mitupu. Nia yangu ilikuwa haina saa wala pahala pa kukaa.

Mlinzi: Nalinda hoteli moja Nungwi, wiki usiku wiki mchana, alfajiri nyengine nipo getini. Ntafunga wapi hiyo kazi? Nataka kujifunza Kiitaliano.

Swali zuri sana. Maji nayo hayaji saa moja, kila siku yanachelewa kama dakika 50, leo mama anatoka saa mbili, kesho karibu na saa tatu, na hajapata kuvaa saa mkononi. Kwa hiyo achana na saa, shika tukio. Zamu ikiisha, iwe asubuhi iwe usiku, lazima utavua buti. Daftari la Kiitaliano likae pale pale unapovulia buti, ukishavua, jifunze maneno matano, uyaandike kwa mkono na uyasome kwa sauti, kisha ndo ukale. Anza zamu yako ya leo, na ukishavua hizo buti niandikie hayo matano.