SOMO: Kumsaidia jirani wakati wa kamatakamata ya ICE (someni kabla ya kunijia inboksi)

Tangu oparesheni ya ICE (maofisa wa uhamiaji wa Marekani) ianze hapa Chicago Septemba 2025, naulizwa yale yale. Wakigonga nifungue? Shemeji kachukuliwa asubuhi, yuko wapi? Grini kadi niibebe au niifiche? Nimechoka kuandika jibu lile lile, nimeliweka hapa lote. Mimi si wakili. Ni mkazi wa Rogers Park mwenye gari, jioni zilizo wazi na Kiswahili. Sheria za majimbo zinatofautiana, hivyo penye mambo ya jimbo letu la Illinois nimesema Illinois.

1. Ongea na jirani mapema. Usimuulize kama ana makaratasi. Muulize: "Likitokea la kutokea, nimpigie nani?"

2. Namba mbili za simu zikae kichwani. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

3. Bahasha. Nakala za vitambulisho, karatasi za kesi, vyeti vya watoto, zikae kwa mtu wa kuaminika nje ya nyumba hiyo. Juu yake karatasi moja ya mkono: jina kama lilivyo kwenye faili la uhamiaji, namba ya A (namba ya faili lake la uhamiaji, huanza na herufi A), tarehe ya kuzaliwa, nchi ya kuzaliwa, dawa anazomeza na kiasi chake. Karatasi hii msiidharau, hatua ya 7 yote inaitegemea.

4. Watoto. Illinois kuna fomu ya mlezi wa muda mfupi, haipiti mahakamani na inadumu hadi siku 365. Mzazi anasaini mbele ya mashahidi wawili watu wazima, na mlezi mwenyewe hahesabiwi kuwa shahidi. Kisha nendeni shuleni mkaandikishe jina la mlezi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Fomu bila orodha, mtoto atakaa ofisini kwa mwalimu mkuu hadi jioni huku mlezi anabishana mlangoni.

5. Mlango. Karatasi wanayokuja nayo mara nyingi ni ya ofisi yao wenyewe: juu pameandikwa Department of Homeland Security, chini saini ya ofisa wa uhamiaji. Hiyo haiwapi ruhusa ya kuingia nyumbani bila ridhaa yako. Hati ya mahakama ina jina la mahakama juu, U.S. District Court, ina saini ya jaji, na anwani iwe yenu kweli. Waipitishe chini ya mlango au waibandike dirishani. Usifungue "kidogo tu" ili uisome. Wakiingia kwa nguvu usishindane nao: sema kwa sauti kwamba hujaridhia, mikono ionekane, mengine wakili atayapigania. Na kukaa kimya ni haki yako, lakini kumdanganya ofisa ni kosa. Usiseme "hayupo" na wewe unajua yuko chumbani. Sema "sijibu maswali", basi.

Kwa majengo yetu ya kupanga, tatizo ni mlango wa chini. Ghorofa ya tatu kengele inalia, mtu anabonyeza kitufe akidhani ni mzigo wa Amazon, na jengo zima limeshafunguliwa. Bandikeni tangazo kwenye lifti, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania: usimfungulie usiyemjua.

6. Mtaani. Majirani wakipuliza filimbi fupi fupi, maana yake ICE wapo karibu. Filimbi ndefu, wanamkamata mtu. Ukirekodi, simama mbali, usiguse mtu, usizuie gari, kurekodi hadharani ni haki. Kamera ielekee kwa maofisa na namba za magari zaidi ya uso wa anayekamatwa. Na hili wengi wanalisahau: mpigie kelele anayekamatwa akutajie jina lake kamili, alikozaliwa, na namba ya mtu wa kupigiwa. Ukisikia ni mtu wetu, uliza kwa Kiswahili, hofu inapunguza Kiingereza cha mtu.

Ujumbe wa kundini uwe na: wangapi, wanafanya nini, wapi hasa, wamevaaje, saa ngapi, magari gani. Usio na hayo usiusambaze. Habari moja ya uongo inawafungia ndani wafanyakazi wa mtaa mzima, na siku hiyo hailipwi.

7. Kumtafuta aliyekamatwa. Hapa ndipo sisi wenyewe tulipokwama, kwa hiyo someni taratibu.

Illinois imezipiga marufuku jela za kaunti kuweka mahabusu wa uhamiaji. Kwa hiyo anayekamatwa hapa hupelekwa kwanza Broadview, kitongoji cha magharibi, na pale ni kituo cha kupitishia tu. Kutoka hapo anaweza kuhamishiwa Indiana, Wisconsin, Kentucky, hata Texas. Kwa nini saa za kwanza zina thamani: wakili akitaka kupeleka ombi la habeas corpus (kumtaka jaji aamue kama mtu ameshikiliwa kihalali), analipeleka kwenye mahakama ya shirikisho ya mahali mtu alipo wakati huo. Akishavuka jimbo, mahakama nayo imebadilika.

ICE wana ukurasa wa kutafuta mahabusu kwenye intaneti. Njia ya kwanza ni namba ya A pamoja na nchi ya kuzaliwa. Namba iwe na tarakimu tisa. Ikiwa nane, anza na sifuri. Njia ya pili ni jina, jina la ukoo na nchi ya kuzaliwa. Mtambo hauna huruma, herufi moja ikikosewa unakujibu hakuna mtu wa namna hiyo.

Sasa sisi. Kijana wetu mmoja ni Mkongo, wazazi Wakongo, kila mtu anamwita Mkongo. Tuliandika Congo, hakuna. Tukaandika Congo ile nyingine, maana kwenye orodha ziko mbili, hakuna. Mama yake analia, sisi tunaambiana labda ameshapandishwa ndege. Jioni ndipo dada yake akakumbuka kwamba mdogo wake alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Faili lilisema Tanzania. Tukachagua Tanzania, akatokea sekunde ile ile.

Kwa hiyo:
– Nchi ya kuzaliwa ni ile iliyo kwenye faili, si kabila wala uraia. Waliozaliwa Nyarugusu, Mtabila, Kakuma, Dadaab, Nakivale, kagueni kadi zenu leo.
– Majina yetu matatu hupangwa upya uwanja wa ndege. Jina la babu linaweza kuwa ndilo la ukoo. Jaribuni mipangilio yote.
– Tarehe ya kuzaliwa ni ya kwenye kadi, hata kama ni 1 Januari kama nusu ya kambi.
– Akiwa chini ya miaka 18 hatatokea humo. Akiwa safarini pia anaweza asionekane. Rudieni baada ya saa chache.
– Msipige simu ubalozini kwa niaba yake kama aliomba hifadhi akiikimbia serikali hiyo hiyo. Hilo aamue yeye na wakili.
– Simu za mahabusu hurekodiwa. Msiulizane aliingiaje nchini.
– Asisaini chochote asichokielewa, hasa karatasi ya kukubali kuondoka. Mahakama ya uhamiaji haimpi mtu wakili wa bure kama kesi ya jinai, kwa hiyo tafuteni mapema. Anayesema "mimi ni notari, nitakumalizia kesi" mkimbieni. Notari hapa anathibitisha saini, si mwanasheria.

8. Nyumba iliyobaki. Kodi, kazi (mwajiri bado anadaiwa mshahara wa siku zilizofanywa), na gari. Watu wanakamatwa wakiwa barabarani na gari linaachwa pale pale. Likivutwa, yadi inatoza kila siku. Ufunguo wa akiba na nakala ya kadi ya gari viingie kwenye bahasha ya hatua ya 3.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

---

Kijiwe_Noma: Kwa hiyo wakigonga tufungue au tusifungue?

BintiKasulu: Hatua ya 5.

MamaFuraha: Asante sana dada. Mume wangu ana tarehe ya mahakama mwezi ujao na watu wanasema wanakamatia kwenye korido. Asiende?

BintiKasulu: Mama Furaha, swali zuri na naelewa hofu yako. Ni kweli tangu 2025 watu wamekamatwa kwenye korido za mahakama za uhamiaji. Lakini asipokwenda, jaji anaweza kutoa amri ya kuondolewa nchini siku ile ile bila yeye kuwepo, na kuifuta amri hiyo ni kazi nzito. Afanye hivi: wakili aombe mapema asikilizwe kwa video. Akikataliwa, aende na mtu mwenye uraia, awe na bahasha nyumbani, na namba kichwani. Hakikisheni pia tarehe kwa kutumia namba ya A kwenye mfumo wa mahakama, zinabadilishwa kimya kimya. Mmehama nyumba hivi karibuni?

MamaFuraha: Ndiyo, Oktoba. Tulijaza fomu ya USCIS.

BintiKasulu: Hiyo ni AR-11, ya USCIS, idara ya maombi ya uhamiaji, na mahakama haiisomi. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, na inatakiwa ndani ya siku 5 za kazi. Ijazeni leo, hata kama mmechelewa. Barua ya mahakama ikienda nyumba ya zamani, wao wanahesabu mmeipata.

Mtoto_wa_Uvira: Sisi tulikuja na UN, tuko wakimbizi halali. Hii ni mambo ya Wameksiko. Mbona unatutisha?

BintiKasulu: Sijamtisha mtu. Mkimbizi anatakiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka 1, wewe umeomba? Na grini kadi haifuti kesi ya jinai ya zamani, kuna wenye nazo wamefunguliwa kesi ya kuondolewa. Halafu soma kichwa cha somo: ni jirani. Huyo Mmeksiko wa ghorofa ya chini ndiye anayekuamshia gari lako asubuhi ya barafu.

Mtoto_wa_Uvira: Sawa. Nimeomba, bado sijajibiwa.

BintiKasulu: Vizuri. Nakala ya risiti iingie kwenye bahasha.

SambazaHabari: HARAKA!!! ICE wamejaa barabara ya Devon wanakamata kila mweusi, msitoke!!!

BintiKasulu: Saa ngapi? Kona ipi? Nani ameona?

SambazaHabari: Nimetumiwa.

BintiKasulu: Futa.

fundi_Yakobo: Shikamoo dada. Mimi huamka saa tisa usiku kwenda kiwanda cha nyama. Je, nitembee na grini kadi halisi au picha kwenye simu? Naogopa kuipoteza, kuibadilisha ni pesa nyingi.

BintiKasulu: Marahaba fundi. Sheria ya shirikisho inamtaka asiye raia wa miaka 18 na zaidi atembee na uthibitisho wake wa usajili: grini kadi, au I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) kwa mkimbizi ambaye hajapata kadi. Picha ya simu ni akiba tu. Bebeni halisi, nakala za pande zote mbili zibaki nyumbani. Usiiweke kwenye pochi ya pesa. Kuna wanaoishona mfuko wa ndani wa jaketi.

Raia_Mpya2019: Nyongeza kwa sisi tulioapa: raia halazimiki kutembea na karatasi, lakini ukiwa na sura na lafudhi kama zetu ni bora. Cheti cha uraia kisitoke nyumbani hata siku moja. Kama tayari una pasipoti, omba ile kadi ya pasipoti, dola 30, inaingia kwenye pochi.

BintiKasulu: Hii nimeipenda, asante kaka.

Zawadi_K: Jirani yangu kabaki na watoto watatu, mume yuko Indiana. Kanisani tumechanga, tunataka kupeleka mchele na unga. Mnaonaje?

BintiKasulu: Mchele kila mtu anapeleka, nimeona jikoni mwa mtu magunia yamepangwa hadi dirishani na hakuna mafuta ya kupikia. Muulizeni kwanza. Mara nyingi jibu ni nepi (ulizeni namba), hela ya kuweka kwenye akaunti ya simu ya mahabusu, na mtu wa kuwapeleka watoto shule saa moja na nusu asubuhi kwa sababu mama anaogopa kutoka.

Zawadi_K: Nepi namba 4. Shule naweza mimi Jumatatu na Jumatano.

fundi_Yakobo: Alhamisi na Ijumaa niko mapumziko, niandikeni.

Kijiwe_Noma: Dada, na fomu ya watoto inapatikana wapi?

BintiKasulu: Hilo sasa ni swali. Maktaba ya mtaa watakuchapishia. Waambie unataka fomu ya Illinois ya "short-term guardian". Njoo na mashahidi wako wawili, mlezi asiwe mmoja wao. Na zamu ya shule ya Jumanne imebaki, nani ataichukua?