Kusoma Saikolojia Ughaibuni: Ingia Maabara Mapema

Wengi wetu huingia saikolojia kwa sababu ya mtu fulani: dada aliyezama katika sonona, rafiki aliyerudi vitani akiwa hasemi, au sisi wenyewe tulipokosa usingizi mwaka wa kwanza ugenini. Ni sababu nzuri, ishike. Ila muhula wa kwanza utakupokea kwa takwimu, na nimeona watu wenye huruma ya kweli wakihama kozi kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba saikolojia ya chuo kikuu ni sayansi ya kupima. Ndivyo ilivyo tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879.

Kabla ya kulipa ada, uliza shahada hiyo itakufikisha wapi katika nchi unayoishi. Shahada ya kwanza peke yake haikupi ruhusa ya kutibu watu. Marekani, leseni ya mwanasaikolojia kwa kawaida hudai uzamivu. Uingereza, hakikisha kozi imeidhinishwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa huko, la sivyo milango ya mbele itakuwa migumu kufunguka. Ujerumani, kwa anayetaka kutibu, sheria iliyoanza kutumika 2020 inadai shahada ya kwanza na uzamili vinavyokidhi masharti yake, kisha mtihani wa serikali. Kama unapanga kurudi nyumbani, waulize mapema wanaotambua shahada za nje, yaani tume za vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya.

Sasa maabara. Vyuo vingi huwataka wanafunzi wapya washiriki tafiti za wenzao kwa saa kadhaa. Usilichukulie kama adha. Utaketi mbele ya skrini, litokee neno NYEKUNDU lililoandikwa kwa rangi ya kijani, utakiwe kutaja rangi, si kusoma neno. Mdomo unakwama. Kukwama huko, kunakohesabiwa kwa milisekunde, ndicho kipimo alichokieleza mwanasaikolojia Stroop mwaka 1935. Angalia pia ulivyopokelewa: fomu ya ridhaa, haki ya kuondoka wakati wowote bila kutoa sababu, maelezo ya ukweli kuhusu lengo la utafiti mwishoni. Kanuni hizi zina historia chungu. Kule Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaaminisha washiriki kwamba wanampiga mtu shoti za umeme. Baadhi yao walitetemeka na kutokwa jasho.

Ukishakaa kwenye kiti cha mshiriki, omba kukaa upande wa pili, na usingoje mwaka wa mwisho. Soma makala moja ya mhadhiri unayempenda, mwandikie barua pepe ya mistari mitano: umesoma nini, swali gani limekubakia, una saa ngapi kwa wiki. Wengi hujibu. Wakati unasubiri, jifunze R au JASP, programu za bure za kuchambua data.

Usiifiche lugha yako. Mwaka 2010 watafiti Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha kwamba saikolojia imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya watu wa Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Ukijua Kiswahili vizuri, unahitajika. Chukua hojaji ya sonona inayouliza kwa Kiingereza kama mtu anajihisi “bluu”, rangi ambayo kwa Kiingereza ni pia namna ya kusema mtu ana majonzi. Ukiandika “huzuni”, umetaja kitu kinachoweza kupita jioni. Ukiandika “moyo mzito”, mmoja ataelewa majonzi, mwingine ataelewa kusita. Kwa hiyo mtu wa pili, ambaye hajaona hojaji ya awali, hurudisha tafsiri yako kwenye Kiingereza; kikirudi kitu kingine, mnakaa chini kuanza upya. Swali moja linaweza kula asubuhi nzima, na kwangu hiyo ni kazi yenye heshima kuliko zote katika fani hii.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaotafiti jamii yetu ughaibuni. Sisi ni wachache na tunajuana. Ukiandika “muuguzi, mjane, miaka 52, mama wa pacha”, umeficha jina tu. Kila anayehudhuria misiba na harusi zetu mjini ameshamtambua. Andika “mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya afya”, pacha uwaache nje, kisha umwonyeshe mwenyewe aya hiyo kabla hujaikabidhi kwa msimamizi wako.