Somo: Namna ya kuandika asili ya mtu maarufu bila kumzushia kabila

Wadau wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, habari za kazi.

Naandika somo hili mara moja ili atakayeniuliza tena "fulani ni kabila gani" nimwelekeze hapa. Wengi wenu mna kurasa za wasifu wa wasanii, wachezaji na wanasiasa wa huku kwetu, na mnachotaka ni mstari mmoja wa kuweka chini ya picha. Mstari huo ndio unaoumiza watu kuliko mingine yote. Ukikosea mwaka wa albamu utasahihishwa na mambo yataisha. Ukimwandika mtu kabila lisilo lake umewagusa wazazi wake na ukoo mzima, na kurasa nyingine zitakuwa zimeshainakili kabla hujaifuta.

Hatua ya 1. Jiulize kama kabila linahitajika. Habari ya mchezaji aliyefunga goli Uwanja wa Sokoine hailihitaji. Habari ya msanii anayeimba kwa Kinyakyusa inalihitaji.

Hatua ya 2. Andika jina kamili na jina la kazi. Mfano: msanii Rayvanny, jina lake Raymond Shaban Mwakyusa, alizaliwa Mbeya mwaka 1993.

Hatua ya 3. Tenganisha mambo matano: alikozaliwa, alikokulia, kwao kwa upande wa baba, kwao kwa upande wa mama, na uraia wake. Yanaweza kuangukia sehemu moja, na yanaweza kuwa nchi tatu tofauti.

Mchukue Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ambaye kurasa zetu hupenda kumwita "Mtanzania aliyetikisa dunia". Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Shule ya bweni alisoma India. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Sasa angalia tarehe: alipozaliwa, Tanzania haikuwepo, maana Muungano ni wa Aprili 1964. Zanzibar ilikuwa ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza. Kwa hiyo "mzaliwa wa Zanzibar mwenye asili ya Kiparsi, aliyeishi na kufanya muziki Uingereza" ni sentensi ya kweli kila neno. "Mtanzania" pale hamna.

Mwigizaji Lupita Nyong'o naye alizaliwa jijini Mexico City mwaka 1983, baba yake akifundisha huko. Wazazi ni Wakenya, Wajaluo, na amekulia Kenya. Ana uraia wa Kenya na wa Mexico. Aliyeandika "Mmexico" peke yake kapunguza, na aliyeandika "Mkenya" peke yake pia kapunguza.

Hatua ya 4. Angalia mipaka ya mikoa ya wakati ule. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Njombe ikatoka Iringa mwaka 2012. Aliyezaliwa Vwawa mwaka 1988 alizaliwa Mkoa wa Mbeya, kwa hiyo andika: "Vwawa, wilayani Mbozi (wakati huo Mkoa wa Mbeya, sasa Songwe)". Aliyezaliwa Ludewa au Makete zamani, vivyo hivyo kwa Iringa na Njombe.

Hatua ya 5. Usisome kabila kwenye jina. Hapa tulieni, kwa sababu hapa ndipo ninapoona kurasa nyingi zikiharibu, na wanaoharibu ni watu wa huku huku wanaojiamini kwamba wanajua.

Mtu akiitwa Mwa-fulani, mikono inakimbilia kuandika "Mnyakyusa". Sawa, Rungwe, Busokelo na Kyela zimejaa kina Mwa-. Lakini vuka Mto Songwe uingie Karonga, Malawi, utawakuta Wangonde, ambao lugha na mila zao zinakaribiana mno na za Wanyakyusa, nao wana majina hayohayo. Ileje kuna Wandali, nao hivyo. Nenda Pwani ya Kenya: Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa waziri, ni mtu wa Kwale. Ukifika kwa Wataita utakutana na kina Mwa- wengine tele. Ungewaandika wote Wanyakyusa?

Kuna na upande wa pili, jina lisilosema chochote. Dk. Tulia Ackson, aliyechaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023, ni mzaliwa wa Rungwe, na jina analolitumia halimwambii msomaji habari hiyo hata kidogo. Wako wanaotumia jina la kwanza la baba, wako waliopewa jina la mlezi, wako walioolewa wakabadilisha. Tena miji yetu ni ya mchanganyiko. Mtu anaweza kuzaliwa Mwanjelwa, akasoma Uyole, akaongea Kinyakyusa cha mtaani vizuri kabisa, na kwao kukawa Makete, Mbarali au Kigoma.

Maonyo ya hatua hii:
– Usikisie kwa jina, kwa sura, wala kwa lafudhi. Hasa sura.
– Usikisie kwa mahali alipozikwa mzazi mmoja.
– Usiandike "inasemekana ni Mhehe". Ukiandika hivyo umeshaandika Mhehe, kwa sababu atakayenakili ataliacha "inasemekana" nyuma.
– Hujui? Andika alikozaliwa, uishie hapo. Wasifu usio na kabila haujapungukiwa.

Hatua ya 6. Chanzo cha kwanza ni kinywa cha mwenyewe: mahojiano ya redio au televisheni, ukurasa wake, kitabu alichokiandika. Kinachofuata ni familia. Kwa waliofariki, wasifu wa marehemu unaosomwa msibani ni hazina, maana umeandikwa na ndugu na kusomwa mbele ya watu wanaojua. Kwa wabunge, kuna taarifa za Bunge. Blogu ni ya mwisho kabisa, na kabla hujaiamini tafuta iliyoandika mwanzo. Mara nyingi utakuta blogu tano zinanukuliana kwa duara, na hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza mhusika.

Hatua ya 7. Taja ni nani kasema. Linganisha sentensi hizi mbili za mchezaji wa mfano:

"Mnyakyusa huyu mwenye damu ya Kimalawi…"

"Alizaliwa Kyela, akakulia jijini Mbeya. Katika mahojiano ya redio alieleza kwamba baba yake ni Mnyakyusa na mama yake ni Mngonde wa Karonga, Malawi."

Ya pili ni ndefu, lakini msomaji anajua alichosema mhusika, na mhusika mwenyewe akiisoma anajiona humo. "Chotara" usilitumie kama yeye mwenyewe halitumii, wengi linawachoma. Andika baba ni nani na mama ni nani. Vilevile andika "mtu mwenye ualbino", na uandike pale tu habari inapohusika.

Hatua ya 8. Ya ndani yabaki ndani. Ugonjwa, dini ambayo hajaitangaza, majina na shule za watoto wake, nyumba anayoishi: acha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka asili ya kabila kwenye kundi la taarifa nyeti pamoja na afya na imani ya dini. Kwa hiyo hili la kabila si adabu tu. Na zile tarakimu za "utajiri wake ni dola kadhaa" zinazozunguka mitandaoni, hakuna aliyewahi kuona daftari la benki la mtu. Futa.

Hatua ya 9. Ukisahihishwa na mhusika au ndugu yake, badilisha siku hiyohiyo na uandike juu kwamba umesahihisha.

Karibuni maswali.

---

Mdau wa Mafiati: Ndefu sana kaka. Kwa kifupi Rayvanny ni kabila gani?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 5. Nimeandika jina na alikozaliwa. La zaidi lifuate kwenye mahojiano yake mwenyewe.

Mdau wa Mafiati: Lakini Mwakyusa si inajulikana?

Jibu: Ndiyo maana nimeandika aya nzima ya Mwa-. Isome.

Kijana wa Kalenga: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, naandaa makala ya Chifu Mkwawa. Kuna ukurasa umeandika asili yake ni Mhabeshi, mwingine unasema ni Mhehe halisi. Nifuate upi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri sana. Tenganisha simulizi na kumbukumbu. Simulizi za ukoo zinamtaja babu wa zamani, Mufwimi, mwindaji aliyetokea Usagara, na wapo wanaoirudisha asili hiyo nyuma zaidi hadi Ethiopia. Andika hivyohivyo: "kwa mujibu wa simulizi za ukoo". Usiibadilishe kuwa cheti cha kuzaliwa, na usiidharau pia, kwa sababu ukoo wenyewe ndio unaoitunza.

Kuhusu "Mhehe halisi", angalia historia. Himaya ndogondogo za pale Iringa ziliunganishwa na baba yake, Munyigumba, katika karne ya 19. Kabla ya hapo watu walijitambulisha kwa watawala na koo zao. Kwa hiyo Mkwawa aliongoza watu ambao Uhehe wao ulikuwa bado unajengwa, na yeye ni mmoja wa wajenzi. Hapo una makala nzuri kuliko ya "halisi".

Yaliyo wazi yaweke kwa tarehe: Lugalo, Agosti 1891, alipolishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, kifo chake Julai 1898, na fuvu lake kurudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwezi wengine wanachanganya, wewe andika mwaka tu, na nenda mwenyewe makumbusho ya Kalenga ukasome maelezo pale. Wewe uko jirani, una bahati.

Kijana wa Kalenga: Kamwene mwalimu, nitaenda Jumamosi.

Mama wa Tukuyu: Mimi nina swali la kweli. Kuna binti anaimba kwaya, amepata jina sana. Baba Mnyakyusa, mama Mkinga, kalelewa na bibi yake Makete na Kinyakyusa hakijui. Watu wa Rungwe wanasema wetu, wa Makete wanasema wetu. Nimwandikeje?

Jibu: Mama, umeshamwandika tayari. Sentensi yako ya tatu ndiyo wasifu: baba Mnyakyusa, mama Mkinga, kalelewa na bibi Makete. Usichague upande kwa niaba yake. Kwa desturi za huku mtoto huhesabiwa kwa baba, lakini hiyo ni desturi ya ukoo; haimlazimishi mwandishi kumfuta bibi aliyemlea. Na si kila mahali ni hivyo. Kwa Waluguru wa Morogoro ukoo hufuata mama, kwa hiyo ukimwandika Mluguru kwa kanuni ya Kinyakyusa utakosea kabisa. Muulize binti mwenyewe anajiitaje, umnukuu.

Mama wa Tukuyu: Ndaga fijo. Nitampigia mwalimu wa kwaya.

Mtani wa Iringa: Mnakuza mambo. Sisi hapa tunataniana kila siku kwamba Wahehe hula mbwa na hakuna anayeumia. Ukiandika wasifu bila utani unakuwa kama ripoti ya polisi.

Jibu: Utani una watu wake na mahali pake. Msibani, mtani akimtania mfiwa, wote wawili wanajuana na kesho wanasaidiana kuchimba kaburi. Ukurasani anasoma mtu wa Mtwara au wa Nairobi asiyejua utani huo, anaondoka akiamini ni kweli kuhusu mtu mliyemtaja kwa jina na picha. Tanianeni kwenye maoni. Kwenye wasifu, hapana.

Mtani wa Iringa: Hapo nimekuelewa.

Mdau wa Vwawa: Naomba asilimia ya kila kabila Mbeya na Songwe niweke kwenye utangulizi.

Jibu: Hazipo. Sensa yetu iliacha kuuliza kabila baada ya mwaka 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 bila kuuliza yeyote kabila lake. Ukiona asilimia mtandaoni, ni makisio ya mtu.

Mdau wa Vwawa: Basi nitaje makabila tu bila asilimia?

Jibu: Vizuri, taja kwa wilaya: Wanyiha Mbozi, Wanyamwanga Momba, Wandali na Walambya Ileje, Wasafwa pande za Mbeya, Wasangu Mbarali. Na useme wazi kwamba wamo na wengine waliohamia, maana Tunduma ina watu wa kila pembe.

Dada wa Makambako: Nimefanikiwa kupata miadi na mchezaji mmoja mstaafu, anaishi huku. Mzee anaongea taratibu sana, na upepo wa Makambako mnaujua. Nirekodi vipi kwa simu?

Jibu: Hongera dada, hiyo inazidi blogu zote. Kaeni ndani, au upande wa nyumba usiopigwa na upepo. Simu iweke mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na kifua chake, kipaza sauti kimwelekee yeye. Weka hali ya ndege ili isilie katikati. Mwombe ruhusa ya kurekodi huku simu ikiwa tayari inarekodi, ili ridhaa yake iwemo kwenye sauti.

Mdau wa Uyole: Naongezea: avishe simu soksi nyembamba safi, upepo unapungua sana. Na anakili sauti kwenye simu ya pili kabla hajaondoka pale.

Dada wa Makambako: Na la kwao nimuulizeje bila kumkwaza?

Jibu: Usianze nalo. Anza na mpira, akichangamka muulize, "Mzee, kwenu ni wapi, na mama kwao wapi?" Akijibu, mrudie kwa sauti majina ya vijiji ili akusahihishe matamshi, kisha mwombe akuandikie mwenyewe kwenye daftari. Akisema hilo tuliache, liache, na usilitafute kwa jirani.