Grili za skrepu kwenye boneti ya Prado ya zamani

Ndugu zangu, tangu mlipoiona boneti ya Prado yangu imetobolewa na kuwekwa grili, yaani vifuniko vyenye mapezi vya kutolea joto la injini, kila siku naulizwa: ulikata wapi, ulifungaje, mvua je? Leo naandika yote mara moja, kisha najibu maswali mliyotuma.

Gari ni Toyota Prado, modeli LJ78 ya 1991, injini 2L-TE, dizeli ya lita 2.4 yenye turbo. Anayeijua injini hii ameshatikisa kichwa: ikichemsha vibaya mara moja, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapasuka. Yangu ilishabadilishwa hedi kabla sijainunua, na sina hamu ya kununua nyingine. Njia yangu ya kila wiki ni Arua hadi Pakwach na kurudi, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Pakwach iko bondeni kando ya Nile, joto lake mnalijua. Ukigeuza kurudi Nebbi barabara inaanza kupanda, na mshale wa temperecha unapanda nayo.

Kabla hujashika grinda

Grili si dawa ya gari linalochemsha. Kama mfumo wa maji ni mgonjwa, utakata boneti bure. Mimi nilianza na rejeta, ile inayopoza maji ya injini: niliitoa, nikaipiga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, na nyasi zilizotoka zingetosha kutandikia kuku. Nikabadilisha thermostati, ile inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, nikanunua kifuniko kipya cha rejeta. Hicho kifuniko watu wanakidharau. Arua iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kampala vilevile, na maji ya wazi huku kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Presha inayoshikiliwa na kifuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke. Spring ikilegea, rejeta yako imegeuka sufuria.

Angalia pia ile kava ya plastiki inayozunguka feni. Magari mengi ya zamani hayana tena, fundi fulani aliitoa akasahau kuirudisha. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni na kuiacha rejeta.

Baada ya hayo yote gari langu liliacha kuchemsha. Kilichobaki ni joto la chini ya boneti: ukisimama Pakwach kununua samaki, ukirudi huwezi kuigusa boneti, hozi zinakakamaa, waya zinakatikakatika. Grili ni kwa ajili ya joto hilo.

Wapi pa kukata

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kabla yenu. Zamani nilikuwa na Pajero. Nikakata tundu zuri karibu na kioo cha mbele, kwa hesabu yangu kwamba joto linapanda na kurudi nyuma. Gari lilipokuwa limesimama, kweli joto lilitoka. Nilipofika spidi 80, hewa ikawa inaingia pale pale badala ya kutoka. Upepo unagonga kioo, unajazana, presha inakuwa kubwa kwenye kona ile. Ndiyo maana tundu la hewa ya kuingia ndani ya gari watengenezaji huliweka hapo hapo. Nilikuwa nimeifungia injini mlango wa kutokea, na mke wangu akawa anasikia harufu ya dizeli kiti cha mbele.

Safari hii nilipima kwanza. Nenda duka la dawa, nunua mpira mpya wa dripu, upate kama mita nne. Katikati uukunje kama herufi U, uufunge kwenye dashibodi, utie soda nyekundu kidogo ili uione vizuri. Ncha moja ipitishe dirishani hadi chini ya boneti, nyuma ya rejeta lakini pembeni, isipigwe na feni. Ncha ya pili ibandike kwa teepu juu ya boneti, imelala, mdomo unatazama ubavuni mwa gari, wala si mbele. Tafuta barabara tupu, mweke msaidizi kando yako atazame soda, wewe tazama barabara. Soda ikipanda kwenye mkono wa mpira wa juu, basi pale hewa inataka kutoka. Ikishuka, usiguse.

Kwangu, sehemu ya mbele ya boneti, tangu kiganja kimoja nyuma ya ukingo hadi karibu na katikati, soda ilipanda vizuri. Karibu na kioo ikarudi chini. Mpira wa dripu umenifundisha kuliko mafundi watatu.

Kununua grili

Niliteremka hadi Kampala, soko la Kisekka, nikitafuta boneti iliyopigwa ajali. Subaru Impreza turbo za miaka ya tisini zina grili mbili ndogo zenye mapezi, moja kila upande wa lile domo la katikati la kuingizia hewa. Lancer Evolution nazo zina tundu kubwa la kutolea joto, ila grili zake huenda haraka kwa sababu vijana wa rali wanazitaka. Nilichukua za Impreza, na nikamwomba muuzaji akate boneti akiacha ukingo wa sentimita tatu kuzunguka grili. Ukingo huo ndio utakaofungia.

Nenda na sumaku. Boneti nyingine ni aluminiamu, na aluminiamu huwezi kuichomelea kwenye bati la chuma la Prado. Zangu zilikataa sumaku, kwa hiyo ikawa kazi ya ribiti, zile pini za kubana mabati. Mapezi ya plastiki yakunje kidogo kwa vidole: yaliyokaukiwa na jua hulia kabla ya kuvunjika.

Kukata na kufunga

Fungua boneti utazame chini yake. Utaona mifupa, yale mabati yaliyokunjwa yanayoipa nguvu na kuifanya ikunjike wakati wa ajali badala ya kuingia kwenye kioo. Mifupa haikatwi. Toboa kwa drili tundu dogo la milimita 3 kutoka chini, kwenye kona za eneo lililo wazi kati ya mifupa, halafu chora kutoka juu ukifuata matundu hayo.

Kisha chukua tonge la posho, yaani ugali. Sitanii. Liweke juu ya kitu kilicho juu kabisa kwenye injini mahali grili itakapokaa, funika kipande cha nailoni, funga boneti taratibu, fungua. Unene wa tonge lililobanwa ndiyo nafasi uliyo nayo. Kwangu upande wa turbo zilibaki sentimita nne, kidogo mno kwa plastiki, nikaisogeza grili mbele mpaka nikapata saba.

Toa waya wa betri. Funika kioo na injini kwa gunia lililoloweshwa, maana cheche za grinda hujichoma ndani ya kioo na hazitoki tena. Ziba mdomo wa hewa wa injini. Toboa kona nne kwa drili ya milimita 10, ndipo ukate mistari kwa diski nyembamba ya milimita 1; kona ya mviringo haipasuki, kona kali hupasuka kwa mtikisiko wa barabara zetu. Kata ndani ya mstari, malizia kwa tupa.

Siku hiyo hiyo paka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwenye ukingo uliokatwa. Usiseme kesho. Ikikauka, weka silikoni ya kustahimili joto kati ya chuma na aluminiamu, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye maji zinalana. Piga ribiti za milimita 4 kila baada ya sentimita nne. Mapezi yafungukie nyuma, upande wa kioo. Chini nikabana wavu wa chuma, maana nyumbani naegesha chini ya mwembe, na wenye miembe Arua mnajua kinachoanguka.

Chini ya grili iliyo juu ya dinamo nilining'iniza sinia la bati lenye mdomo kama mfereji wa paa, na mpira wa kushusha maji hadi chini ya gari. Acha sentimita tano kati ya sinia na grili, vinginevyo umeziba ulichokata.

Nilipima hewa ya chini ya boneti kwa multimeta yenye waya wa joto, Pakwach saa nane mchana, dakika kumi baada ya kuzima: zamani nyuzi 88, sasa 69. Temperecha ya maji nikiwa barabarani ilishuka nyuzi mbili tu. Anayekwambia itashuka ishirini anakuuzia grili.

Maswali yenu

Dereva wa Koboko: Fundi, salamu. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inachemsha nikiwa mlimani na mzigo tu, tambarare iko sawa. Nikate?

Bado, kaka. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikijizungukia raundi kadhaa bila kukaza, mafuta ya klachi ya feni, kile kitovu kinachoifanya injini iizungushe feni, yamekwisha. Anza hapo. Mlimani unaenda polepole, upepo hakuna, feni ndiyo tegemeo.

Kijana wa Bombo: Mzee wangu, kwa nini nisiweke washa, vile vibati vya duara vya bolti, chini ya bawaba ili boneti iinuke nyuma? Hakuna kukata.

Mwanangu, soma tena habari ya Pajero. Ukisimama itasaidia, ukikimbia hewa itaingia, na moshi utakufuata ndani ya gari.

Mama Safari: Mimi natembeza wageni hifadhi ya Kidepo, napita kwenye maji ya mito. Grili haziingizi maji?

Dada, maji ya mvua hayanisumbui, sinia linayabeba. Mtoni funga turubai mbele ya grili ya rejeta na uingie taratibu. Adui mkubwa ni kijana wa kuosha magari na ile pampu yake: mwambie asielekeze maji kwenye boneti, na usimame pale umwone.

Dereva wa Nebbi: Nikifungua rejeta asubuhi nikawasha, mapovu yanatoka bila kukoma. Grili itasaidia?

Hapana, ndugu yangu. Mapovu hayo mara nyingi ni moshi wa injini unaoingia kwenye maji. Ni gasketi, au hedi imepasuka. Peleka ikapimwe presha kabla hujasafiri tena.

Kijana wa Bombo tena: Na mvua ikinyesha juu ya injini ya moto?

Mvuke unatoka kwenye grili zote mbili, mweupe kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye foleni, bodaboda mmoja akaruka kutoka kwenye pikipiki yake, akakimbilia jerikeni ya maji akitaka kunizimia gari.