Somo la poka: mkono upi unakula upi

Wanachama, kila tukikaa kucheza ugomvi ni ule ule: nani kashinda hapa? Tulimalize kabla korosho hazijaanza kudondoka na watu kupotelea mashambani. Somo ni la anayeanza kabisa, hasa sisi wa kusini tuliokulia kwenye karata za turufu barazani.

Hatua ya 1: Sahau ya barazani
Toa jokeri, zibaki karata 52. Turufu hakuna. Shupaza, kopa, uru na pau zina hadhi moja, hakuna inayomzidi mwenzake. Saba, ile tunayoinyenyekea barazani, huku ni saba tu na nane inaipita. Malkia yuko juu ya jeki. Kubwa kuliko zote ni ree, halafu mfalme, malkia, jeki, kumi, hivyo hivyo hadi mbili.

Hatua ya 2: Hesabu tano tu
Kwenye Texas Hold'em, aina ya poka tunayojifunza hapa, unagawiwa mbili za siri, na tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Kati ya hizo saba unachagua tano zilizo bora, na hizo tano ndizo mkono wako. Mbili zinazobaki ni kama hazipo.

Hatua ya 3: Panda ngazi kutoka chini
Chini kabisa ni mkono mtupu: huna kitu, unategemea karata yako kubwa. Juu yake jozi moja (karata mbili zinazofanana), kisha jozi mbili, kisha tatu zinazofanana. Zinafuata streti (tano zinazofuatana, mfano 5-6-7-8-9 za aina yoyote), flashi (tano za aina moja, hata zisipofuatana), fulu hausi (tatu zinazofanana pamoja na jozi), nne zinazofanana, na streti flashi, yaani tano zinazofuatana na zote za aina moja. Streti flashi inayoanzia kumi na kuishia ree ndiyo royo flashi. Hiyo haipigwi na chochote.

Hatua ya 4: Jua sababu, usikariri
Ngazi hii haikupangwa kwa kupenda mtu. Kilicho adimu ndicho kikubwa. Karata 52 zinatoa mikono ya karata tano 2,598,960. Streti ni 10,200, flashi ni 5,108, fulu hausi ni 3,744. Ukisahau kama flashi inaipiga streti, namba hizo zinakujibu. Royo flashi ziko 4 tu, moja kwa kila aina, kwa hiyo usikae unaisubiri. Mikono mitupu ni 1,302,540, zaidi kidogo ya nusu ya yote. Ukigawiwa takataka, ujue na wenzako wengi wamegawiwa hizo hizo.

Hatua ya 5: Mkilingana
Hapa ndipo watu wanaporushiana maneno. Mezani kuna mfalme wa pau, 4 ya shupaza, 9 ya kopa, 9 ya uru na 2 ya kopa. Wewe umeshika mfalme na 4. Unaona wafalme wawili, tisa mbili, nne mbili, unashangilia "jozi tatu!" Mwenzako ana ree na mfalme, katulia. Kitita ni chake. Jozi tatu hazipo kwenye poka kwa sababu tunahesabu tano tu. Wewe una wafalme wawili, tisa mbili, na ya tano ni 4. Yeye ana wafalme wawili, tisa mbili, na ya tano ni ree. Ile ya tano ndiyo imekumaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mikindani: Mwalimu, shikamoo. Nina kopa nne na uru moja, zote nyekundu. Si flashi hiyo?
Jibu: Marahaba. Hapana. Tunaangalia aina, rangi haina kazi. Kopa nne bila ya tano hazikupi kitu.

Kutoka Masasi: Ree inaweza kukaa katikati? Malkia, mfalme, ree, mbili, tatu?
Jibu: Haikai, dada. Ree inakaa juu (10-J-Q-K-A, yaani kumi, jeki, malkia, mfalme, ree) au chini (A-2-3-4-5). Hiyo ya chini ndiyo streti ndogo kuliko zote, inapigwa hata na 2-3-4-5-6.

Kutoka Lindi mjini: Tumecheza ile ya kugawiwa karata tano tano mkononi, bila za mezani. Wote tuna flashi, mimi ya shupaza, yeye ya uru. Jamaa mmoja anasema shupaza ndiyo baba.
Jibu: Huyo bado yuko barazani. Linganisheni karata kubwa za flashi zenu. Zikilingana, angalieni ya pili, mpaka apatikane mwenye kubwa.

Kutoka Newala: Kaka, mnada wa korosho ukipita tunaweza kucheza za hela?
Jibu: Jifunzeni kwa kete, au kwa hizo korosho ghafi zilizokauka, kila mtu ishirini. Michezo ya pesa inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Halafu hela ya mnada ina ada za watoto ndani yake, mdogo wangu.

Kutoka Msangamkuu: Mezani zimetoka 10-J-Q-K-A za aina mchanganyiko, hakuna mwenye flashi. Mimi nina ree mbili mkononi. Nachukua?
Jibu: Mnagawana wote mliobaki. Streti ya mezani ndiyo mkono wa kila mmoja wenu, na ree zako ukiziongeza unapata tatu zinazofanana tu, ambazo ziko chini ya streti.